Kombora la Mara Moja

“Mmeliharibu!” Fundi mwenye bisibisi mfukoni alimfokea dada aliyeketi mbele yangu kwenye treni, baada ya kumsikia akisema kwenye simu kwamba yeye ndiye anayepanga nguvu za silaha katika mchezo mmoja wa video wa maroboti makubwa yanayopigana. “Kombora lenyewe linafyatuliwa mara moja tu kwa kila pambano, na bado haliangushi hata roboti moja!”

“Kaka, nikiliongezea nguvu, nani atapigana tena? Halafu nyie wenyewe hamlifyatui. Mnalitunza mpaka mnakufa nalo begani.”

“Namtunzia adui wa maana!”

“Hajaja tu?”

Fundi alifura, akainua kidole. Nilimwona analo jibu la kummaliza, ila analitafutia wakati wake. Treni ikasimama. Dada akashuka, mlango ukafungwa, na kidole bado kiko juu.