Aliyetolewa Kwenye Kundi la Misiba

Siku hiyo kijiweni Kashai tulikuwepo Onesphory tunayemwita Profesa, Joackim tunayemwita Redio, Kahigi fundi baiskeli tunayemwita Ta kwa heshima, na mimi ninayeuza kahawa, mwanangu mgongoni. Baadaye akaja jirani yetu Vestina. Profesa alikuwa na riwaya ya zamani isiyo na jalada, ya nchi ya kubuni ambako serikali inafuta maneno na majirani wanachunguzana. Aliishika utadhani kaiandika yeye.

— Mwandishi aliyaona yote! Leo ukiandika neno kwenye simu, linafutwa.

— Hakuona kitu, — Redio akasema. — Wakubwa walimsoma, wakaiga. Simu yangu inanisikiliza. Juzi nimetaja mbuzi, ikaniletea tangazo la visu!

— Kwa hiyo wakubwa hawalali kwa ajili ya mbuzi wako? — Kahigi akauliza.

— Cheka tu, Ta Kahigi. Kesho wataweka mashine ndani ya senene. Unatafuna, kumbe umemeza sikio la serikali!

— Na watu wamekuwa waoga, — Profesa akadakia. — Humu kitabuni mtu akiuliza swali, majirani wanamkimbia. Ndiyo sisi wa leo. Kondoo watupu!

— Kondoo! — Redio akaitikia. Huyo ndiye msimamizi wa kundi la simu la chama chetu cha kuzikana.

Hapo ndipo Vestina alipofika, kanga imelowa mvua. Wiki mbili nyuma aliuliza kwenye kundi hilo kwa nini turubai la misiba lilipelekwa harusini kwa mwenyekiti wa chama, huku jirani anazikwa kwenye mvua. Redio akamtoa siku ileile. Profesa akaunga mkono kwa kidole gumba. Mimi nilisoma, nikanyamaza.

Kahigi alisogea ampishe pakavu, akampa kahawa yake ambayo hakuwa ameigusa.

— Waitu, jamani, — Vestina akasema, — mama yangu kule Ijumbi amezidiwa. Chama kingine sina. Akifa, mtakuja?

Redio akaangalia simu yake, iliyokuwa imezima. Profesa akafunua kitabu na kuanza kusoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Mama yake alifariki Jumatano. Ijumaa, kutoka Kashai, tulifika mazishini wawili tu, Kahigi na mimi.