Mama Breki na Taarifa Zilizofungiwa Kabatini

Marehemu dada yetu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mama Breki, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1983, kitinda mimba wa dereva wa lori na mkunga. Kabla hajaanza kutembea, vidole vyake vilivimba, akalia hadi sauti ikakauka. Vipimo vikaonyesha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, akikosa masomo kila maumivu yalipomlaza. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Baba alikwenda na lori lake, akaliegesha mlangoni pa ofisi, akakataa kuondoka mpaka neno lile lifutwe. Hasira ya dada yetu haikuokotwa njiani; aliirithi.

Baba ndiye aliyemfundisha gari, naye akawa mwalimu wa udereva. Gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na aliikanyaga bila huruma. Hakimu mmoja aliyefeli mtihani na kulalamika alijibiwa kwa upole kwamba mahakamani mkubwa ni yeye, lakini barabarani mkubwa ni lori.

Mwaka 2009 aliolewa na fundi bomba. Kabla ya kukubali posa alimpeleka kupima damu, na fundi alipoambiwa hana vinasaba vya selimundu alisema hajawahi kufaulu mtihani mtamu kama ule. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, mzima wa afya.

Muda wote huo alikuwa akihudhuria kliniki, na miaka mingi alijitolea kwenye utafiti. Alitoa damu hata siku ambazo mshipa haukuonekana, akaeleza kila maumivu, akatia saini kwamba taarifa zake, bila jina, zigawiwe watafiti wote wanaotafuta tiba. Alituambia hakuna daktari mmoja atakayeumaliza ugonjwa huu peke yake.

Kisha, katika mkutano wa wagonjwa, muuguzi mmoja aliteleza ulimi: hospitali nyingine mbili zilikuwa zimeziomba taarifa zile, zikanyimwa. Daktari bingwa aliyesimamia utafiti alisimama akaeleza kwamba anazihifadhi mpaka amalize kuandika makala zake, na kwamba anafanya hivyo kulinda siri za wagonjwa.

Dada alinyanyuka kwa mkongojo. "Daktari, damu ni yangu na maumivu ni yangu," alisema. "Cha kwako wewe ni kabati tu. Usinifanye mimi kisingizio cha kulifunga."

Tangu siku hiyo alizunguka ofisi baada ya ofisi, nyonga zikimuuma, akipigwa danadana kama mpira. Wengine walimwita mkorofi usoni. Hatimaye wagonjwa wenzake waliungana naye wakaenda mbele ya kamati ya maadili ya utafiti, na Novemba iliyopita kamati iliamuru taarifa zifunguliwe kwa hospitali zote tatu. Alipopigiwa simu alikuwa amelazwa. Hakushangilia. Aliuliza tu, "Na ile miaka iliyopotea, nani atairudisha?"

Kifua kilimbana mwanzoni mwa Machi. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Hakuna awezaye kuapa kwamba taarifa zile zingemwokoa. Wala hakuna awezaye kuapa kwamba zisingemwokoa, kwa kuwa zilifungiwa. Hilo hatulimezi. Jana daktari yule alituma shada la maua. Tulimrudishia, na jambo hilo tunalisema hapa kaburini ili lisije likageuzwa kuwa uvumi.

Marehemu ameacha mume, mwana, mama yetu mzazi, na kaka yake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Ameacha pia binti wa kaka yake, mwenye miaka saba, ambaye ana ugonjwa uleule na Jumatatu anatarajiwa kliniki. Tutampeleka, tutatia saini, na safari hii tutafuatilia.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi bado.