Mabango ya Nyanya za Arlene

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Corinne Haldane, Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge inayochunguza mwenendo wa wapelelezi wa serikali kuu, Mchungaji wetu, majirani:

Jumanne, tarehe 23 Mei, mwaka juzi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari manne meusi yaliingia Barabara ya Saari, hapa Pike Falls, Michigan. Tunaanza na siku hiyo kwa sababu kabla yake hatukuwa na la kumwambia mtu mkubwa kama wewe.

UKARIBISHO

Karibu. Kahawa ipo, na mkate wa iliki upo. Ameuoka Irma Niemi, si Arlene, kwa hiyo utatuvumilia. Risala hii imeandikwa na inasomwa na Roland Kettunen, mume wa marehemu Arlene. Aliacha shule darasa la nane akaenda kukata magogo. Tulimwomba apunguze ukali. Amepunguza kidogo.

HISTORIA

Sisi ni nyumba kumi na tisa. Baridi ya hapa huua miche mpaka Juni, ndiyo maana uchaguzi ukiisha hatutupi mabango. Yale ya plastiki yenye miguu ya waya, Arlene aliyaokota yote, ya aliyeshinda na ya aliyeshindwa, akayachomeka kuzunguka miche yake ya nyanya kuikinga na upepo.

Wapelelezi waliokuja na magari yale walikuwa wakimtafuta mtu aliyemwandikia jaji barua za vitisho. Kwa hilo hatuwalaumu. Afisa mmoja akasimama bustanini na daftari.

"Mama, mabango yote haya ya nini?"

"Ya nyanya."

"Nyanya ndiye nani?"

Irma, aliyekuwa upande wa pili wa ua, akashindwa kujizuia. "Ndiye bosi wetu! Mnene, mwekundu, na ukimbana sana anakurukia usoni!"

"Irma, nyamaza," Arlene akasema. "Huyu anaandika."

"Bwana mdogo," Roland akauliza, "kwenu nyanya hamli?"

Afisa hakucheka. Arlene akamwambia, "Mwanangu, ukimaliza, yarudishe yalipokuwa. Leo baridi inarudi." Hawakuyarudisha. Waliyapakia garini, na miche ikafa yote.

Mwandishi wa zile barua alikamatwa Agosti, katika jimbo jingine kabisa. Hakuna aliyekuja kutuambia. Tulisikia redioni.

MAFANIKIO

Ni machache. Baada ya miezi kumi na minne ya kuandika barua tulipewa ripoti: kurasa arobaini, thelathini zimepakwa wino mweusi. Kwenye zile zinazosomeka, Arlene ametajwa kuwa "mratibu wa kikundi cha Nyanya, chenye uhusiano na chama cha upinzani." Utani wa Irma wameuandika wote, neno kwa neno, wakaupa namba ya kielelezo. Irma hajatania tena.

CHANGAMOTO

Arlene alihudumu kituo cha kura kwa miaka ishirini na miwili, akimpa kila mtu karatasi yake bila kutaka kujua atampigia nani. Karani wa wilaya akamwandikia asije tena mpaka jina lake litoke kwenye orodha ya wanaochunguzwa. Siku ya uchaguzi alivaa koti lake la kazini akakaa jikoni tangu asubuhi.

"Arlene, vua koti, utaloa jasho."

"Niache, Roland. Nipo kazini."

Hakulivua mpaka vituo vilipofungwa. Februari hii alifariki. Daktari alisema ni moyo. Mumewe hasemi kwamba walimuua. Anasema walimtoa mzima mahali pake na hawakumrudisha.

Chama chako, Mheshimiwa, kilimtaja kwenye runinga mara sita kuombea kura. Chama kile kingine kilisema habari yenyewe ni uzushi. Hakuna upande uliopiga hodi, hata siku ya mazishi. Wakubwa wote ni walewale kwetu.

MAOMBI

Ombi ni moja: jina la Arlene litolewe kwenye orodha. Tulishaomba. Tukajibiwa kwamba fomu lazima itiwe sahihi na mhusika mwenyewe, mbele ya afisa. Roland akapeleka cheti cha kifo. Wakamwandikia kwamba cheti kimepokelewa, na kwamba wanasubiri sahihi.

Ushahidi waliobaki nao dhidi yake ni picha moja: mabango kumi na moja, yote ya chama cha upinzani. Lakini bustanini yalikuwa ishirini. Tisa yalikuwa ya chama kilichoshika serikali, yamechanganywa na mengine mstari mmoja. Irma aliona kwa macho yake: afisa mwenye kamera aliinua simu, akasikiliza, akasema "sawa, mkuu," akayang'oa yale tisa, akayalaza majanini nyuma yake, ndipo akapiga picha.

Mungu akuongoze salama; barabara ya ziwani bado ina barafu. Mungu awape moyo wa kusikia hao utakaowafikishia haya. Ni sisi, wakazi wa Barabara ya Saari, tuliokwisha kuuliza katika ofisi nne na leo tunakuuliza wewe: mkuu huyo ni nani?