Kipa Anayecheka

"Unafungwa matatu halafu unacheka? Leo hudaki!" Kocha Ezron alikuwa akimfokea kipa wake, Fortunata, ndani ya Coaster, wakienda kucheza fainali Tunduma. "Mwenzako Leah akifungwa analia. Huyo ana uchungu na timu."

"Kocha, Leah akishalia, bao la pili linapita hata halioni. Mimi nikicheka, moyo unatulia."

"Mchezaji lazima atawale hisia zake!" alifoka, mate yakanirukia mimi, abiria wa kiti cha mbele yao. Nilijifuta. Nyumbani nina mtoto mmoja anayecheka nikimgombeza na mwingine anayelia; wote hunichosha.

"Sawa, kocha. Jumapili nani alitolewa nje kwa kumrushia refa kiatu?"

Abiria tuliangua kicheko. Coaster iliposimama stendi, kocha alimtupia Fortunata glavu.

"Haya, daka. Lakini ukifungwa, cheka ukiwa umenipa mgongo."