Mkono wa Makapi

Mwaka 1954 benchi letu la kahawa pale Kimamba lilikuwa taruma la zamani la reli, lililolazwa juu ya mawe mawili nyuma ya stesheni. Joha binti Shomari alikaa mwisho wa benchi na birika lake, na kila alipomimina, harufu ya tangawizi ilichanganyika na ya makapi ya mkonge yaliyokuwa yakioza katika mfereji wa kiwanda. Wenyeji wa benchi waliitana kwa majina ya kupachikana. Nitataja na yale halisi, maana mtu huzikwa na jina lake. Hakimu, bingwa wa methali, alikuwa Lupakisyo wa ghalani. Redio alikuwa Kasiani, aliyepanga mabehewa. Spana alikuwa Cornel, fundi wa karakana ya kiwanda. Ulimboka hakuwa na jina la kupachikwa. Tangu korona, mashine ile ya kukwangua majani ya mkonge, ilipomla mkono wa kulia, hakuna aliyethubutu kumpa.

Kila alipopewa kikombe, Ulimboka alikipokea kwa kushoto na kusema:

— Niwieni radhi, mkono ndio huu.

Miaka mitatu alisema hivyo, hata kwetu tuliomzoea.

Jumapili moja, baada ya ibada, Spana alifika amekumbatia bonge la udongo mkavu lililofungwa kamba. Alisema ndani yake mna mkono. Injinia wa kiwanda alikuwa akijaribu kutengeneza mbao kwa makapi na plastiki ya maji, ile inayokuja katika madebe na kuganda ikitiwa dawa. Spana aliomba iliyobaki. Plastiki peke yake, alieleza, huvunjika kama biskuti. Lakini zile nyuzi fupi za makapi zikiwamo, huishikilia kama nyasi zinavyoshika udongo wa ukuta. Basi alimkalisha Ulimboka, akaukandika mkono wake mzima kwa udongo mbichi, nusu chini nusu juu, akapata umbo lake, akamimina.

— Injinia hakucheka? — tukamwuliza.

— Alisema nijaribu.

Hakimu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana huu umejazwa makapi.

— Hakimu, nani atakayeulamba? — Joha akauliza.

Redio hakusikia utani huo. Macho yake yalikuwa kwenye reli. Alisema kwa sauti ya taratibu kwamba ataishi aone mabehewa ya makapi, mepesi hata watu wawili wayasukume mpaka Kilosa. Hakimu akaongeza daraja juu ya mto Mkondoa, ambalo mafuriko yakilichukua litaelea tu, likangoja maji yapungue, lirudi mahali pake. Redio akajenga nyumba zisizoliwa na mchwa. Hakimu akajenga kanisa zima, na kengele ya makapi.

— Italia sauti gani? — Joha akauliza.

— Ya upole, — akasema Hakimu.

Kila mmoja akaisikiliza. Nakiri kwamba mimi pia niliisikia.

Ulimboka peke yake hakuota kanisa wala daraja. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Magole kupanga siku ya arusi ya binti yake, Letisia.

— Sihitaji mkono wa kazi, — alisema. — Nataka wa kuwapa wakwe. Niuchomeke kwenye shati, nisimame mlangoni, niwasalimu kwa kulia kama mtu.

Wakati huo alifika Verdiana, mfinyanzi wa Mamboya, aliyekuwa akingoja treni na vyungu vyake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Sogea uone.

Spana alikata kamba, akagonga udongo kwa jiwe. Mkono ukatoka, wa rangi ya asali, nyuzi za mkonge zikionekana ndani yake kama mishipa. Ulikuwa na mistari ya kiganja, hata kovu la kidole cha shahada. Spana aliupiga juu ya taruma mara tatu. Haukupata hata ufa. Hakimu akavua kofia.

Ulimboka aliukunja mkono wa shati, akauweka ule mkono kwenye kigutu, kiganja kikimwelekea. Kidole gumba kilichungulia chini, kwenye vumbi. Akaugeuza. Gumba likaja juu, lakini kiganja kikatazama nje. Akaugeuza tena.

Verdiana alitazama mikono ile miwili, wa nyama na wa makapi, kwa jicho la mtu aliyezoea udongo.

— Huu ni mzuri, — akasema. — Na wa kulia uko wapi?

Spana alianza kuokota vipande vya udongo. Hakimu alirudisha kofia kichwani. Redio alirudi kutazama reli. Dawa ya kugandisha ilikuwa imekwisha. Hilo Spana alilisema baadaye sana, kwa kunong'ona.

Joha aliinamisha birika mpaka mwisho. Kilitoka kikombe kimoja tu. Akampa Ulimboka, naye akakipokea kwa kushoto, akanywa polepole, ule mkono mwingine ukiwa mapajani. Siku hiyo hakutuomba radhi.