Bwana Maroa na Picha za Magugu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule, Chifu wetu, wazazi mliotoka Kehancha, Masara na hata Homa Bay, walimu wenzangu, wapishi na wafanyakazi wote, nanyi wasichana wetu mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti havikutosha: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekuja kumuaga Bwana Maroa, msaidizi wetu wa maabara, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na sita. Ratiba inasema mimi, mwalimu mkuu, nitataja mafanikio yake. Lakini hayo mmeyaona ukutani mlipoingia: ua la gugu la ziwani lililopigwa picha kwa karibu hata mishipa yake inahesabika, chavua ya mahindi iliyo kama mayai, na vijidudu vya tone moja la maji ya Mto Migori. Mimi nina jambo jingine, na nisipolisema leo sidhani kama nitapata tena ujasiri wa kulisema.

Nilipohamishiwa hapa mwaka 1993, nilimkuta Bwana Maroa amepiga magoti nyuma ya jikoni, uso umekaribia kugusa udongo, anapiga picha magugu. Kamera aliazimwa na Bwana Faruk, mwenye studio pale mjini, ambaye tunaye hapa. Lenzi alikuwa ameing'oa na kuishika kinyumenyume mbele ya kamera, maana ikigeuzwa hivyo hukuza vitu vidogo. Siku nyingine nilimkuta maabarani amekata kopo la majani chai, amelivika juu ya hadubini ya shule, na kamera imekaa juu ya kopo.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini unapiga picha majani ambayo kila mtu anayang'oa?"

Akanijibu, "Madam, wanayang'oa bila kuyatazama."

Nilidhani ananijibu kwa kiburi. Nikamwandikia barua ya onyo, kwamba anatumia vifaa vya shule kwa starehe zake. Aliisoma, akaikunja, akaendelea kupiga picha saa zake za mapumziko.

Ndugu wazazi, wengi wenu mnaikumbuka Jumanne ile ya Juni 1995. Baada ya chakula cha mchana, wasichana kumi na tisa waliugua. Midomo ilikauka, macho yakawa meusi na mapana, na mmoja alikuwa akichuma hewani nyuzi ambazo hazikuwapo. Tuliwapeleka hospitalini, na kwa rehema za Mungu siku ya tatu wote walikuwa wamepona. Lakini kabla hawajapona, lango letu lilikuwa limejaa watu, na watu hao walikuwa na jina moja tu mdomoni: Truphena, mpishi mkuu. Wapo waliosema ametia sumu, wapo waliosema ni uchawi wa kwao. Nani kati yetu aliuliza ushahidi? Mimi sikuuliza.

Nilimwita ofisini nikamwambia aondoke. Alisimama mbele ya meza yangu na aproni yake, akasema, "Madam, Mourine wangu ni mmoja wa hao walio hospitalini. Ningeweka sumu kwenye sahani ya mtoto wangu?"

Nikamwambia, "Mama Mourine, watu hawasikii hayo."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama ambaye mtoto wake alikuwa kitandani, hajui hata jina lake mwenyewe.

Nilikuwa nimeamuru chakula kilichobaki kimwagwe. Bwana Maroa alikuwa amewahi kuweka kidogo kwenye chupa. Ijumaa aliingia ofisini bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo, akapanga picha tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa jani la mnavu, ile mboga mnayoiita osuga, lilivyoonekana kwa hadubini: ndani yake mna chembe ndogo kama vumbi. Ya pili ilikuwa jani changa la mnanaha, ule mmea wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba: chembe zake zimejikusanya mafungu mafungu yenye ncha. Hizo mbili alizipiga mwaka mmoja kabla, kwa majani aliyoyachuma nyuma ya jikoni, siku zile nilizomwona mpuuzi. Ya tatu ilitoka kwenye ile chupa, na Bwana Faruk aliisafisha asubuhi hiyo hiyo. Ilikuwa na vumbi, na ilikuwa na mafungu yenye ncha.

"Magunia ya mboga yalikuja yamechanganyika," akasema. "Mnanaha ukiwa mchanga, hata mkulima hukosea. Truphena hana kosa."

Daktari aliyewatibu wasichana alizitazama, akasema dalili zinalingana kabisa na sumu ya mnanaha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilimrudisha Truphena kazini baada ya wiki saba. Kwa nini wiki saba? Nilisema nangoja kikao cha Halmashauri. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wiki saba mama huyu alipita sokoni watu wakivuta watoto wao kando, na mimi nilikuwa na picha tatu kwenye droo. Hatimaye sikwenda kwake mimi mwenyewe; nilimtuma Bwana Maroa. Truphena aliporudi kazini hakunilaumu. Aliomba picha zile za majani zibandikwe jikoni, na tangu hapo yeye na wenzake huchambua mboga jani kwa jani.

Bwana Maroa, ulinionyesha ukweli nami nikauficha. Nisamehe. Na wewe Mama Mourine, uliyeketi hapo karibu na mlango: nilikufukuza watu wote wakijua, nikakurudisha kimyakimya. Leo, mbele ya wazazi walewale waliojaa langoni, nasema hukuwa na kosa lolote, na mimi nilijua.

Naona unafuta macho. Huna haja ya kunijibu, wala leo wala kesho.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa na kunisikiliza. Asanteni.