Dada Yetu Kiguu na Njia, Aliyetaka Njia ya Kilimani Inyooke

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya mwisho chini ya kilima chenye kuta za mji wa kale. Mama alikuwa akisema kwamba alitambaa wiki moja tu, akaona anacheleweshwa. Jina la Kiguu na Njia alipewa na baba, likamkaa mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa, akamaliza mwaka 1971. Aliadhibiwa zaidi kwa kutotulia kwenye dawati kuliko kwa kukosa majibu.

Mwaka 1976 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi wa barabara kushika bendera ya kusimamisha magari. Kazi hiyo ilimtesa, maana ilimtaka abaki mahali pamoja kutwa. Akaomba ahamishwe, akaomba tena, hadi wakamchoka wakamfundisha kuendesha mtambo wa kushindilia. Alistaafu mwaka 2012 akiwa msimamizi wa kikosi. Nasoma haraka kidogo, mnisamehe. Angekuwa hapa angeshaniambia nifupishe.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa historia, ambaye kila mwaka aliwapandisha wanafunzi kilimani kuona kuta. Mwaka 2015 kiharusi kilimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, kuta akawa anaziangalia dirishani. Dada hakuweza kulivumilia hilo. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akaisumbua ofisi ya mambo ya kale mpaka ikaruhusu njia ya magurudumu, kwa sharti kwamba mtaa mzima ukubaliane ipite wapi.

Tulikutana shuleni. Dada alikuja na mchoro wa njia iliyonyooka moja kwa moja hadi juu. Bibi anayekata majani huko kilimani akasimama. "Mwanangu, hiyo yako inakata matuta ya watu wa kale, na kwa mwinuko huo mumeo atashuka mbio kuliko alivyopanda. Izungushe. Na utuwekee mabenchi."

"Mabenchi ya nini, bibi? Tunakwenda kuona kuta, hatuendi kukaa."

Tukapiga kura. Dada alishindwa vibaya, na mumewe mwenyewe alinyoosha mkono upande wa bibi. Alinuna siku kadhaa, kisha Jumamosi tuliyoanza kuchimba njia akawa wa kwanza kufika na sururu.

Kila Jumamosi ya kazi hakutuacha tupumue. Siku moja kinyozi wetu alijificha nyuma ya kichaka ale muwa wake, dada akamfuata na toroli, akamwambia, "Kula ukisukuma."

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwandikia dawa na mapumziko. Alimeza dawa. Tarehe 9 mwezi huu, kikiwa kimebaki kipande cha juu tu, bibi wa majani alimkuta kwenye benchi la pili. Hakungoja kumsalimu. Alianza kuita watu pale pale, kwa sababu hakuwahi kumwona amekaa. Dada alifariki hospitalini tarehe 12. Neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa hili: "Lile benchi ni fupi. Mtu mzima akikaa, kuinuka ni kazi. Waambie waliinue."

Inatuuma sana. Siku za msiba hakuna aliyeweza kutulia, basi tukaenda tukaimalizia njia. Jana tulimpandisha shemeji. Aliomba tutue kwenye kila benchi, na hakukuwa na mtu wa kutuharakisha. Juu aliushika ukuta kwa mkono wake usiopooza, akalia.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, ndugu watatu nikiwemo mimi mdogo wake, na kundi lake la Jumamosi.

Dada, pumzika kwa amani. Benchi tumeliinua.